Ubatizo wa Bombani

"Wageni dirisha la kushoto," alisema mkata tiketi bila kuinua uso.

Mshonaji alikuwa amesema "habari za asubuhi" tu. Lugha ilikuwa moja hapa na kwao ng'ambo ya mpaka, lakini lafudhi ilikuwa imemuumbua mapema. Akahamia dirisha la kushoto, mtoto mchanga mgongoni, binti mkono huu, mvulana mkono ule, na kikapu cha nepi kikining'inia kwenye kiwiko. Mbele yake walisimama watu wenye kofia pana na kamera vifuani. Zamu yake ilipofika alisoma bei iliyobandikwa kwenye kioo, akairudia kama mtu anayedhani macho yamemdanganya, kisha akasema maneno aliyokuwa ameyapanga tangu hospitali.

"Sisi hatujaja kutazama, dada. Tumekuja kumbatiza mtoto."

"Hapa?"

"Hapa si kanisa?"

"Ni kanisa."

"La Katoliki?"

"La Katoliki, mama, lakini ni la kihistoria."

"Basi."

"Basi nini?" aliuliza mkata tiketi, na nyuma yao mtu akakohoa kile kikohozi cha kuwaambia wengine wafanye haraka. "Wanaosali wanapita mlango wa pembeni. Kamwone mlinzi."

Walitoka kwenye foleni huku watu wakiwapisha kwa adabu ile inayouma kuliko kusukumwa. Mshonaji hakuwa na muda wa kuumwa. Alasiri ile mtoto alitakiwa kulazwa, na kesho yake asubuhi apasuliwe moyo, kwa sababu alizaliwa na tundu ambalo hospitali za kwao zililiona zikashindwa kuliziba. Daktari alikuwa amemwita peke yake akamweleza bila kuzungukazunguka: tutajitahidi, lakini usije ukasema hatukukuambia. Na mama mkwe wake, aliyebaki nyumbani na mguu usiosimama, alikuwa amepiga simu alfajiri na kusema neno moja tu, kwamba mjukuu wake asiguswe na kisu kabla hajaguswa na maji.

Walikuwa na miezi tisa ya kumbatiza mtoto huyu kwa raha zao. Baba yake, mwoka mikate, alitaka ubatizo wa maana, wenye turubai na viti vya kukodi, na kila mwezi ulipoisha turubai lilisogezwa mwezi unaofuata. Halafu yeye na mama yake wakavutana juu ya jina, bibi akitaka la marehemu babu, baba akitaka jina jipya lisilo na deni la mtu. Mwishowe mtoto akaitwa "Mgeni" kwa muda, na ule muda ukanogewa.

"Mama, mlango wa pembeni ni wa watu gani?" aliuliza mvulana. Alikuwa na miaka minne na kila mtu alimwita Bosi, kwa kuwa tangu aanze kusema hakuwahi kuomba kitu, aliagiza.

"Wa watu wanaomjua Mungu," alijibu dada yake. Huyu alikuwa na miaka tisa. Alikuwa katikati ya mafundisho ya komunyo ya kwanza, na nyumbani ilikuwa taabu tupu, maana hakuna aliyesali mezani bila kusahihishwa. Baba yake ndiye aliyempa jina la Katekista, kwa utani, lakini yeye alilipokea kama cheo.

* * *

Mlinzi wa mlango wa pembeni alikuwa mtu mpole, na upole wake ulimchukua muda mrefu. Alitoa kila kilichokuwamo ndani ya kikapu akakipanga kwenye meza ya mbao: nepi safi, nepi chafu iliyofungwa kwenye mfuko, kopo la uji, vyeti vya hospitali, chupa ya maji. Watu wa kamera walipita wakitazama nepi ile chafu kana kwamba nayo ni ya kihistoria.

"Maji hayaruhusiwi," alisema, akaiweka chupa chini ya meza. "Yakimwagika yanaharibu sakafu. Mawe yale ni ya zamani."

"Mtoto akisikia kiu?" aliuliza Bosi.

"Atakunywa akitoka. Na msivuke kamba nyekundu. Upande huu wa kamba mnasali. Upande ule ni wa tiketi."

Ndani kulikuwa na ubaridi, na dari ilikuwa juu hata Bosi alipoitazama alirudi kinyumenyume akamkanyaga mama yake. Vioo vya rangi vilimwaga wekundu na samawati kwenye nguzo. Mshonaji alipiga goti, na kwa kitambo kidogo moyo wake ulitulia, akawaza kwamba mahali palipojengwa kwa subira namna hii hapawezi kumnyima mtu vikombe viwili vya maji. Alikuwa mtu wa kushona sare za shule. Alijua kazi iliyofanywa na mtu asiye na haraka.

"Mama, kuna watu humu chini," alinong'ona Katekista akionyesha majina yaliyochongwa sakafuni. "Maaskofu."

"Tunawakanyaga?" aliuliza Bosi.

"Kanyaga polepole."

Katekista alichovya kidole kwenye kibakuli cha maji ya baraka mlangoni, kikatoka kikavu. Alichungulia ndani akakuta ganda la peremende. Alilitoa akalitia mfukoni, na uso wake ukawa wa mtu aliyekuta jambo la aibu nyumbani kwa watu anaowaheshimu.

Kisima cha ubatizo kilikuwa upande wa pili wa kamba. Kilikuwa cha marumaru nyeupe, kimechongwa samaki na majani pembeni, na watu walikuwa wakipeana zamu ya kupiga picha mbele yake. Mwongoza watalii alikuwa akisema kwamba kilibatiza wafalme na watumwa kwa maji yaleyale. Juu yake palikuwa na mfuniko wa mbao, na kwenye mfuniko kulikuwa na kufuli.

"Kimefungwa," alisema Katekista.

"Ufunguo uko kwa Padri," alisema mshonaji. Akamfungua mtoto mgongoni, akamlaza mapajani mwa binti yake kwenye benchi la mwisho. Midomo ya mtoto ilikuwa na ile rangi ya zambarau iliyoanza kuwa ya kila siku. "Mshike hivyohivyo, kichwa juu. Bosi, usiondoke hapo. Narudi sasa hivi."

* * *

Ofisi ilikuwa mwisho wa ushoroba mrefu uliopangwa picha za mapadri waliokwisha kufa. Karani, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoshikwa kwa mnyororo, alikuwa akila tufaha kwa kulikata vipande vyembamba.

"Ubatizo," alisema mshonaji baada ya salamu. "Wa leo."

"Leo?" Karani aliweka kisu chini. "Una barua ya parokia yako?"

"Sina. Tulikuja kwa haraka."

"Semina ya wazazi mmefanya?"

"Ya mtoto wa kwanza tulifanya. Na wa pili."

"Msimamizi yuko wapi?"

"Dada, mtoto anapasuliwa moyo kesho asubuhi. Msimamizi nitamtoa wapi, huku simjui mtu ila wifi yangu, naye yuko kazini?" Kisha akaona amepandisha sauti, akaishusha. "Wewe huwezi kusimama?"

Karani akamtazama kwa huruma ya kweli, na huruma ile ndiyo iliyomwogofya mshonaji, maana mtu akikuonea huruma namna ile ujue hana la kukusaidia. Alieleza kwamba hapa ubatizo ulifanywa mara moja kwa mwaka, usiku wa Pasaka. Parokia ya kawaida ilikuwepo ng'ambo ya mji, mabasi mawili, na paroko wake asubuhi hiyo alikuwa kwenye mazishi. Padri wa hapa alikuwepo, lakini alikuwa na ugeni kutoka wizarani, watu wa kuamua juu ya paa.

"Nitamsubiri."

"Subiri, mama. Kiti hicho."

Alikaa kwenye kiti hicho. Karani alimpa vipande vitatu vya tufaha kwenye karatasi, naye akala kwa sababu kukataa kungehitaji maneno. Alikuwa bado anatafuna viliposikika viatu, na Padri akatokea katikati ya suti nne, akizungumza juu ya vigae. Mshonaji akainuka akameza kipande kizimakizima.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Milele na milele, amina, mama yangu." Alikuwa mtu wa uso mwema. Aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo suti hazikulipenda. "Pole. Pole sana. Hospitali ile ina padri wa wagonjwa. Anapita kila Ijumaa."

"Kesho ni Jumatano, Padri."

"Jumatano." Alitazama suti moja iliyokuwa ikitazama saa. "Usihofu, mama. Hali ikiwa mbaya kabisa, hata muuguzi..."

Mshonaji hakusikia muuguzi afanye nini. Alisikia "hali ikiwa mbaya kabisa", masikio yakaziba. Padri akachora msalaba hewani juu ya kichwa chake, akasema Mungu anajua, suti zikamzoa wakaenda zao kwenye vigae. Mshonaji alibaki amesimama. Alimkasirikia Padri yule, halafu akaona haya kumkasirikia Padri, na kati ya hasira na haya hakukuwa na mahali pa kukaa. Mungu anajua. Yeye hakuhitaji mtu wa kujua. Waliojua walikuwa wengi tayari, kuanzia daktari.

* * *

Benchi la mwisho lilikuwa tupu. Kikapu kilikuwepo, watoto hawakuwepo.

Alizunguka nguzo, akachungulia kwenye kiti cha maungamo, akavuka kamba nyekundu bila kuiona, mlinzi mwingine akamrudisha kwa kumshika kiwiko. Ndipo aliposikia kilio cha Mgeni, kile kilio chake cha kukatikakatika cha mtoto asiye na pumzi za kumtosha, kikitokea kwenye mlango ulioandikwa vyoo.

Bomba lilikuwa wazi. Katekista alikuwa amesimama mbele ya sinki, amemkumbatia mtoto kwa mkono mmoja, na kwa sweta lake alikuwa akimfuta kichwa kilicholowa. Bosi alikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameshika kisigino cha mtoto kwa mikono miwili. Pembeni, mwanamke mwenye kofia pana alikuwa akisubiri zamu yake ya bomba, mikono imejaa povu la sabuni, haelewi anaona nini lakini amenyamaza kama mtu aliye kanisani.

"Umefanya nini?"

"Nimembatiza," alisema Katekista. "Mara tatu, Mama. Yametiririka. Sista wa mafundisho alisema kupaka hakukubaliki, lazima yatiririke. Yalikuwa baridi, nikayashika kwanza mkononi."

Mshonaji alimpokonya mtoto, akamwingiza kifuani ndani ya blauzi, ngozi kwa ngozi. "Nani amekutuma? Si nimekwenda kwa Padri?"

"Ulivyochelewa nikajua amekataa."

"Ubatizo si mchezo wa kupikapika. Kazi ya Padri ni ya Padri."

"Ni ya Padri," alikubali Katekista. "Lakini mtu akiwa katika hatari ya kufa, yeyote anaweza. Hata mtoto. Ilikuwa kwenye mtihani wetu, mimi nilipata."

Mwanamke wa kofia alinyoosha mkono wenye povu, akafunga bomba, akatoka bila kunawa.

"Nani amekuambia yuko katika hatari ya kufa?" aliuliza mshonaji. "Mimi nilikwambia nini? Anatengenezwa kidogo kifuani."

"Jana ulimpa simu."

"Nilimpa nani simu?"

"Mtoto. Kule kwa Shangazi, ukidhani tumelala. Ulimwekea simu sikioni, Baba akaongea naye mpaka salio likaisha. Sisi hatukupewa." Katekista alikuwa akikamua mkono wa sweta, macho kwenye sinki. "Mtoto hajui kuongea, Mama."

Mshonaji alifungua mdomo. Wiki nzima alikuwa amewadanganya watoto hawa vizuri, kwa sauti nyororo na vijibiskuti, na alijiona mwerevu. Sasa ulihitajika uongo mdogo tu, wa maneno mawili, hafi huyu, na mdomo ukakataa. Alitaka kumkumbatia binti yake na mikono ilikuwa imejaa. Alitaka kulia na Bosi alikuwa akimtazama kutoka juu ya ndoo. Basi akauliza kitu, ili sauti yake isipotee kabisa.

"Jina umempa lipi?"

"La Babu. Bibi ni mgonjwa. Baba atazoea."

"Na msimamizi?"

"Bosi."

"Mimi," alisema Bosi.

"Sista alisema awe mtu mzima," alieleza Katekista. "Lakini mimi ndiye niliyebatiza. Na yule mama wa kofia sikujua ni wa dini gani. Hakukuwa na mtu mwingine. Nimekosea?"

"Hujakosea," alisema mshonaji.

Walipotoka, mlinzi mpole aliwarudishia chupa yao ya maji akawauliza kama wamependa kanisa. Bosi akamwambia paa linavuja, jambo ambalo hakuna aliyejua amelitoa wapi. Kwenye ngazi za nje mshonaji alimpigia mama mkwe, akamwambia ameshabatizwa.

"Na Padri mwenyewe?"

"Ameshabatizwa, Mama. Amepewa jina la marehemu Baba."

Kule upande wa pili kulikuwa na kwikwi ya kilio, kisha shukrani nyingi. "Sasa moyo wangu umetulia," alisema bibi. "Sasa hata iwe vyovyote."

Mshonaji alikata simu akakaa kwenye ngazi. Ile vyovyote ilimwingia kama sindano ya cherehani kidoleni, imeshapita ndipo unaiona. Asubuhi nzima walikuwa wakihangaika wote, yeye mbele yao, kumtayarisha mtoto aondoke vizuri. Ili abaki vizuri, hakuna aliyejua kifanyike nini. Alimtazama kifuani: amelala, nywele bado mbichi, midomo zambarau. Karibu yake Katekista alikuwa akimweleza Bosi kazi yake mpya kwa sauti ya chini, naye Bosi akitikisa kichwa kama mtu anayekabidhiwa ofisi.

* * *

Shangazi yao, wifi wa mshonaji, aliwakuta kwenye ushoroba wa wodi akitoka kazini kwa dobi, ngozi ya mikono imekunjamana kwa maji na jiki. Alikuwa amekuja kuwachukua wale wawili wakubwa. Alimbusu mtoto kwenye wayo, akasema, "Wifi, jikaze," halafu akageuka akajifanya anasoma bango la kunawa mikono.

Muuguzi alifungua mlango wa vioo. Alikuwa msichana mchangamfu, na gauni la kijani la mtoto, dogo kama la mwanasesere, lilikuwa begani mwake.

"Haya, mfalme wetu amefika. Mama unaingia. Watoto mwisho hapa."

Alimpokea mtoto kwa ustadi. Mshonaji alihisi uzito ukimtoka mikononi, na mikono ikabaki imejikunja vilevile. Kisha muuguzi akasimama, kwa kuwa kitu kilikuwa kimemshika. Bosi alikuwa amening'inia kwenye kisigino cha mtoto.

"Wewe, baba, mwachie."

"Mimi naingia."

"Watoto hawaingii."

"Mimi si mtoto. Mimi ni baba yake wa ubatizo."

Muuguzi alicheka, akamtazama mshonaji ili wacheke wote. Mshonaji hakucheka, wala wifi. Katekista alikuwa akitazama sakafu.

"Sawa," alisema muuguzi. "Na baba wa ubatizo kazi yake nini?"

"Kumwangalia mpaka akue," alisema Bosi. "Nimeambiwa." Halafu wazo jipya likamjia, akamgeukia dada yake. "Awe mkubwa kama nani?"

Katekista aliinua macho akamtazama mama yake.

"Kama mimi?" aliuliza Bosi. "Mama, akiwa kama mimi ndio basi? Au mpaka awe kama Baba?"

Muuguzi alikuwa ameacha kucheka. Alijua faili ile. Alimsogeza mtoto begani, akatazama pembeni. Mshonaji angeweza kusema, kama Baba. Ni maneno mawili, na Bosi angeachia mguu akaenda kwa Shangazi akala akalala. Lakini Katekista alikuwa bado anamtazama, akisubiri naye, si kwa ukali, kwa matumaini tu, kama mtu anayetaka kuambiwa kwamba alikosea mtihani.

Alipiga magoti kwenye sakafu ya wodi. Akaanza kuvibandua vidole vya mwanawe kwenye mguu wa mtoto, kimoja kimoja, taratibu, vilikuwa na nguvu ajabu. Bosi hakulia wala hakuvuta. Alikuwa anamtazama mdomo, akingojea aambiwe.